Mtu wa Jikoni

Mama Amba hakunisalimia aliponipigia. Alisema tu, "Vero, mwenzio amelala," nikaelewa, kwa sababu katika nyumba ile mwenzangu alikuwa mmoja. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani hapa Iringa, sare ya kwaya ya mteja ikiwa nusu chini ya sindano. Nikaondoa mguu kwenye pedali, naye akauliza kama bado nipo. Nikamwambia nipo, nakuja. Mume wangu aliponikuta nakunja nguo aliuliza nani amefariki. Nikasema, "Baba mkwe." Akanitazama, maana baba yake alikuwa sebuleni wakati huohuo anakunywa chai na kulalamikia sukari. Nilicheka kidogo, halafu kilio kikaja juu ya kicheko, nikakaa kitandani na nguo mapajani. "Yule wa Mbeya," nikamwambia. Mume wangu ni mtu mpole wa Tosamaganga, hakuuliza zaidi. Lakini hapo ndipo nilipogundua kwamba katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumweleza vizuri mwaka niliokaa Ilomba, kule Mbeya, kwa sababu kila nikianza inasikika kama utani. Niliolewa na mwanamume mmoja, nikaishi na baba yake. Huyo baba sikuwahi kumwona uso, wala yeye hakuwahi kuuona wangu, na ndiye niliyempenda kuliko wote waliolala chini ya bati lile.

Jina lake silitaji hata sasa, na sitaliandika hapa. Ni desturi ya Wanyakyusa wa kizazi chake: mke wa mwana na baba mkwe wanaogopana. Hawatazamani, hawaongei, hawakai chumba kimoja, hawaitani majina. Vijana wengi wameshaacha, na wapo wachungaji wanaosema ni mambo ya kale, lakini yule mzee alikuwa nayo kama alivyokuwa na mifupa. Mimi natoka Kilolo, nililelewa kwamba mkamwana mwema hupiga magoti mbele ya baba mkwe na kumsalimia asikike. Hakuna aliyenionya. Siku ya harusi alimtuma mdogo wake asimame mahali pake, nikadhani anaumwa. Asubuhi yangu ya kwanza pale nikamkuta uani anafungulia kuku, nikapiga magoti kwenye ubaridi ule wa Mbeya, macho chini, nikasema, "Shikamoo baba." Nikaona mabuti ya mvua yakigeuka na kuondoka. Hayakuitikia. Nililia jikoni mpaka Mama Amba, mkewe, akaingia na kapu la ndizi.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Baba hanitaki, mama."

Akaweka kapu chini taratibu. "Angekuwa hakutaki angekuitikia. Mtu wa nje ndo anaitikiwa. Wewe anakukimbia kwa sababu ni wake. Haya, menya ndizi."

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, na desturi ile iliigawa kwa namna ambayo fundi hakuipanga. Sebule na mlango wa mbele vilikuwa vya mzee. Jiko, ua wa nyuma na mlango wa nyuma vilikuwa vyangu. Katikati kulikuwa na ukuta mwembamba na mlango wenye pazia la maua ya zambarau, na Mama Amba peke yake ndiye aliyevuka huku na huku, kama mfanyabiashara wa mpakani Tunduma. Choo kilikuwa upande wangu. Mzee akitaka kupita alikohoa. Kilikuwa kikohozi kikavu, kifupi, hakina ugonjwa wowote ndani yake. Nikikisikia nauacha ugali motoni, navuta kitenge kichwani, najibanza nyuma ya jiko penye kuni na kugeukia ukuta mpaka hatua zipite. Nilichokijua kwake kwa macho ni yale mabuti meusi, la kushoto likiwa na kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli. Sebuleni ilitundikwa picha ya vijana waliofanya kazi ya reli, wamesimama mbele ya injini, nyuso ndogo kama punje za maharage. Nilikuwa naifuta vumbi mzee akiwa kanisani. Nilimwomba Mama Amba anionyeshe yupi ni yupi, akanipiga kidogo mkononi na kitambaa chake.

Amba, mume wangu wa wakati ule, hakukaa. Tulikuwa hatujamaliza hata mchele wa zawadi za harusi alipoondoka kwenda Chunya kwenye dhahabu. Aliniachia simu yake ya zamani yenye kioo kilichopasuka na ahadi kwamba angenifuata. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, sijui Kinyakyusa zaidi ya "ndaga" ya kushukuru, sina mtoto mgongoni wala mume chumbani. Mke wa namna hiyo anakaa kwa watu kwa sababu wenyewe bado wanasema akae. Nilitaka sana waendelee kusema. Kwetu sikutaka kurudi, na si kwa sababu ya Amba, maana sauti yake ilianza kunitoka mapema kuliko nilivyotarajia. Nilitaka kuwa wa nyumba ile. Hilo tu ndilo nililolitaka mwaka mzima, na sikuwa na wa kumwambia.

Kabla ya kuondoka, Amba alikuwa amemwekea baba yake mchezo kwenye simu ili kustaafu kusimmalize. Ni mchezo wa minara. Maadui wanakuja kwa njia yenye kona nyingi wakitaka kufika kwenye lango lako, nawe unajenga minara pembeni mwa njia iwapige kabla hawajafika: ya mishale, ya mizinga, na ya barafu inayowapunguza mwendo. Mnacheza wawili wawili. Wewe na mwenzio mnalinda lango moja, kila mmoja na ubavu wake, na mahali fulani duniani kuna wawili wengine wanalinda la kwao. Kila mnapofanya vizuri wao wanatumiwa maadui zaidi, na wakifanya vizuri wao mnatumiwa nyie. Lango litakalovunjika kwanza limeshindwa. Hamuongei. Unaweza tu kuchomeka bendera pale unapotaka msaada, au kumtumia mwenzio kidole gumba. Mzee alicheza na mwanawe kila jioni mpaka mwanawe alipoondoka, halafu akabaki anaifungua simu na kuifunga. Nilikuwa namsikia akiguna.

Jioni moja, vyombo vikiwa bado kwenye beseni, sauti yake ilikuja juu ya ukuta, kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mama Amba. Mwambie mtu aliyeko jikoni, ile simu aliyoiacha Amba ina mchezo. Kama ina chaji, afungue."

Mama Amba alikuwa kando yangu anapembua maharage. Akanitazama, akatazama pazia, akafikiri. Nilimwona akiipima desturi kipengele kwa kipengele. "Macho yataonana?" akauliza hewani.

"Hayaonani," ukuta ukajibu.

"Mtaongea?"

"Mchezo hauna maneno."

"Mtashika kitu kimoja?"

"Kila mtu na simu yake."

Mama Amba akarudi kwenye maharage. "Basi mzee anasema ufungue simu," akaniambia, kana kwamba nilikuwa Kyela wakati yote hayo yanasemwa.

Nilikuwa mbovu. Niliweka mizinga kila mahali, lango likavunjika kabla chai haijapoa. Nilisubiri nisikie simu ikitupwa. Nikasikia, "Mama Amba, mwambie mtu wa jikoni asiweke mizinga kwenye njia iliyonyooka. Pale watu wanakimbia. Nimekaa kwenye reli maisha yangu yote, gari linapunguza mwendo kwenye kona. Apige kwenye kona." Mama Amba akafungua mdomo anifikishie, akachoka. "Amesikia," akasema. "Si kiziwi." Baada ya hapo tulicheza kila jioni bando likiwepo. Mimi nilikaa kwenye kigoda mgongo ukiegemea ukuta wenye joto la jiko, yeye kwenye kiti chake, na baadaye nilijua kutokana na mlio wa mbao kwamba kiti alikuwa amekisogeza mpaka kwenye ukuta uleule. Tuliegemeana bila kugusana. Nilijifunza tabia zake kama unavyojifunza za mtu unayelala naye chumba kimoja. Alikuwa hajengi kwa pupa. Aliweka akiba mpaka jasho linanitoka mimi. Alinichomekea bendera pale tu nilipokuwa sioni hatari, na nikishindwa alinitumia kidole gumba, ambacho tukishinda hakukituma. Nilichukua muda kuelewa kwamba alituma palipokuwa na haja. Siku tukishinda, sahani yake ya mbalaga, ndizi za kupikwa, ilirudi jikoni na kipande cha nyama kimebaki pembeni. Mama Amba alisema, "Ameshiba," akiwa amegeukia dirishani. Sijawahi kula nyama tamu kama ile, na mume wangu wa sasa anapika vizuri.

Nikiwa hapa kwenye cherehani, huwa najiuliza kama nilikuwa mpweke kiasi gani hata mchezo wa simu ukanijaza hivyo. Nilikuwa mpweke sana. Lakini nadhani na yeye alikuwa mpweke. Mwanawe alipiga simu mara chache, kisha mara moja moja, kisha akawa anatuma salamu kwa watu. Tukiwa tunacheza nilisikia mzee akimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, "Amepiga?" na yeye akajibu, "Mtandao wa kule mbaya." Sisi sote watatu tulijua mtandao wa kule ulivyo.

Kulikuwa na jioni ya mvua, bati linapiga kelele, tunacheza na wawili wenye bendera ya nchi nisiyoijua. Tukishinda tungepanda daraja ambalo Amba mwenyewe hakuwahi kulifikia. Wale watu walikuwa hodari. Waliturushia majitu upande wa mzee, mfululizo, na vidole vyake wakati huo vilishaanza kukosea kugusa. Niliona minara yake inakwama. Nikavunja ya kwangu yenye nguvu ili nipate mawe ya kujengea upande wake, ubavu wangu ukabaki wazi, nikasita kidole hewani nisijue nijenge nini. Ukuta ukasema, "Weka barafu, mwanangu. Kwenye kona."

Niliweka barafu kwenye kona. Majitu yakaanza kujikokota, mizinga yake ikayala moja moja, na mahali fulani duniani lango la watu likavunjika. Hatukushangilia. Mvua ilikuwa inanyesha na Mama Amba amesimama na kijiko mkononi. Mzee alikuwa amesema nami. Hakusema "mwambie mtu wa jikoni". Nilisikia kiti kikisogea, hatua zikaenda chumbani, mlango ukafungwa polepole. Asubuhi nikakuta tetea mweupe amefungwa mguu kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. "Ni faini," akasema Mama Amba. "Aliyevunja analipa. Sasa imekwisha, msirudie." Hakurudia wala sikurudia. Hayo maneno matano ndiyo pekee aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe, na nimeyabeba mpaka leo. Kuku yule sikumchinja. Alitaga chini ya kitanda changu, na nilimwacha.

Habari za Amba zilikuja na mtu wa ukoo aliyetoka Makongolosi, hukohuko Chunya, akazitoa sebuleni akiwa na kikombe cha chai mkononi. Amba ana mwanamke kule, mwanamke ana mimba kubwa, na Amba anataka kumleta nyumbani ajifungulie kwa mama. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya magimbi. Niliirudisha mezani nikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Jioni ile simu ya mzee haikufunguliwa. Jioni iliyofuata alifungua, tukacheza, tukashindwa vibaya, maana hakuna kati yetu aliyekuwa anaangalia njia.

Kikao kilikaa baada ya ibada ya Jumapili. Walikuwepo baba mdogo wa Amba, yuleyule aliyesimama kwenye harusi, na kaka yangu aliyekuja kutoka Kilolo akiwa amevaa koti la baba. Nilikaa kwenye kigoda changu, mgongo ukutani. Baba mdogo alisema mambo yaliyonyooka: kijana amekosa, lakini damu inakuja, na nyumba haiwezi kuwa na wake wawili mmoja akiwa hana mume. Kaka yangu akasema, "Dada yangu hatakaa kulinda ukuta." Halafu nikajua wanamsubiri mzee. Nilitamani apige meza. Nilitamani aseme nisiondoke, basi, na aliyekosa ndiye abaki huko Chunya.

"Huyu binti sijamfukuza," akasema. Sauti ilikuwa karibu sana. Kiti chake kilikuwa palepale ukutani. "Mjue hivyo. Mimi sina kosa naye, na yeye hana kosa na mimi. Lakini mjukuu siwezi kumfungia mlango." Mbao za kiti zikalia. "Mkamuulize mwenyewe. Mimi siwezi kumuuliza."

Mama Amba alipita kwenye pazia akapiga magoti mbele yangu, mama mtu mzima, akanishika mikono. Hakuuliza kitu. Ningesema nini? Kwamba niko tayari kukaa, mwanamke mwingine apewe mume nami nipewe mzee na minara? Nilisema nitaondoka. Nilisema kwa sauti ya kawaida, na ukuta ukanisikia.

Siku ya kuondoka baridi ilikuwa kali, na moshi wa majiko umelala juu ya Ilomba yote. Nilikuwa na begi moja, godoro lilikuwa limeshapakiwa. Simu ya Amba niliiacha kabatini, ikiwa na chaji. Kuku nilimwachia Mama Amba. Baba mdogo, ambaye alitaka mambo yaishe kwa heshima, akasimama uani akasema kwa sauti ya kikao, "Sasa mambo ya kuogopana yamekwisha. Si mkamwana tena. Mzee atoke, waagane kwa mkono kama watu." Ilikuwa kweli. Ndoa ikishavunjika hakuna wa kumwogopa mwingine. Angeweza kutoka, kunitazama, kunipa mkono, na mimi ningemwona. Nilisimama katikati ya ua na kitenge begani, kichwa wazi, nikasubiri, na sitasema uongo, nilitaka sana kumwona.

Tukasikia kiti. Tukasikia hatua zikija mpaka kwenye mlango wa nyuma. Zikasimama. Halafu akakohoa.

Kilikuwa kilekile, kikavu na kifupi. Baba mdogo akatazama mlango, akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshavuta kitenge kichwani, nimeshafika penye kuni, uso umegeukia ukuta. Miguu yangu ilielewa kabla yangu. Mtu wa nje hakoholewi. Nikasikia mabuti yakipita nyuma yangu, polepole kuliko siku zote, yakaenda mpaka kwenye geti, na chuma cha geti kikafunguliwa. Alitufungulia geti yeye mwenyewe, amegeuka upande wa barabara. Nilipita nyuma ya mgongo wake nikiwa nimeinama, nikaona kiraka chekundu kwenye buti la kushoto, na kaka yangu akaniingiza kwenye gari. Nililia mpaka Makambako. Kaka alidhani nalia kwa ajili ya Amba, akamtukana njia nzima ili anifariji.

Baadaye nilinunua simu yangu, nikaupakua mchezo ule. Nililikuta jina alilotumia, daraja ni lilelile tuliloliacha, na hapakuwa na dalili kwamba aliwahi kurudi. Nikadhani amebadilisha simu. Nikaufuta.

Nilifika msibani mchana wakati mwili umeshaletwa. Amba alikuwa mlangoni, amenenepa, akanipa mkono na kutazama pembeni. Sikuwa na hasira naye, nilishangaa jinsi ambavyo sikuwa na chochote naye. Mama Amba alikuwa kwenye mkeka, amekuwa mdogo. Aliniegemea akaniambia sikioni, "Baada yako hakucheza tena. Mtoto wa Amba alimwomba amfundishe, akasema hapana. Akasema mwenzangu amesafiri." Halafu akalia kwa sauti, na wanawake wote wakalia naye. Mimi nilishindwa kulia pale. Nilikaa na lile neno mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa kumshikia.

Walipotangaza kuaga, watu wakapanga foleni kuelekea sebuleni. Baba mdogo, mzee sasa na fimbo, alinifuata. "Wewe mama wa Iringa, pita mbele ukamwone. Mke wa Amba haruhusiwi, lakini wewe ndoa ilishakwisha. Huna mwiko." Alisema kwa wema. Alidhani ananipa zawadi, na ilikuwa zawadi, kwa sababu niliutaka uso ule kwa miaka mingi. Kutoka nilipokaa niliona ukingo wa jeneza na kioo chake kidogo, na juu yake ile picha ya vijana wa reli. Ningepita, ningetazama chini, ningetazama juu, ningejua alikuwa yupi.

Penye kuni, nyuma ya jiko, mke wa Amba alikuwa amekaa peke yake, kitenge kichwani, uso ukutani. Nilimshukuru baba mdogo. Nikainuka, nikazunguka nyumba kwa nyuma. Yule mwanamke akageuka, akaniona, akasogea kunipa nafasi. Nikavuta kitenge kichwani, nikaweka paji la uso kwenye tofali. Tulikaa hivyo mpaka waombolezaji walipoanza kuimba na wanaume wakamtoa kwa mlango wa nyuma, kama walivyomwingiza, kwa sababu wa mbele ulikuwa mwembamba kwa jeneza. Nikasikia hatua nyingi zikikaribia. Nilisubiri akohoe. Akapita.